Somo: Kupima mvuto wa protoni kwa mizani ya molekuli mbili

Aliyepitia kemia ya kidato cha sita anazijua amini hizi: amonia, methilamini, dimethilamini, trimethilamini. Tuzipange kwa nguvu ya ubesi ndani ya maji, tukitazama pKa ya ioni inayopatikana kila moja ikishadaka protoni (pKa ikiwa kubwa, besi ina nguvu zaidi): 9.25, 10.66, 10.73, halafu 9.80. Tulifundishwa kwamba kila kundi la methili linasukuma elektroni kuelekea naitrojeni, kwa hiyo kila likiongezeka moja ubesi upande. Mbona kundi la tatu linaushusha?

Sasa zitoe majini. Katika hali ya gesi, mvuto wa protoni wa amini hizo hizo, kwa kilojuli kwa moli, ni 853.6, 899.0, 929.5 na 948.9. Ngazi inapanda mpaka juu. Mwaka 1971 John Brauman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha vipimo vya amini katika hali ya gesi vilivyolionyesha jambo hili waziwazi. Methili haikuwa na kosa. Aliyeuvuruga mpangilio ni maji: ioni yenye N–H nyingi hushikwa na kutulizwa na maji vizuri, na ioni ya trimethilamini ina N–H moja tu ya kushikwa.

Mfano wa anilini ndio ulionifanya nilipende somo hili. Majini anilini ni besi dhaifu sana, pKa ya ioni yake ni 4.6 hivi, mbali chini ya amonia. Kwenye gesi mvuto wake ni 882.5, juu ya amonia. Mwanafunzi anayejifunza ubesi ndani ya maji peke yake anaondoka na tabia za maji akidhani ni tabia za molekuli. Ndiyo maana nataka kila mmoja wetu ajue namna ya kupima bila maji, hata kama hajawahi kuigusa mashine.

Hatua ya 1: Jua unachopima

Mvuto wa protoni ni joto linalotoka molekuli M inapodaka protoni na kuwa MH⁺, vyote vikiwa gesi, kwenye kelvini 298. Una ndugu yake, ubesi wa hali ya gesi, ambao huhesabiwa kwa nishati huru badala ya joto. Tofauti ya hawa wawili ni entropi, kipimo cha uhuru wa molekuli kujipanga na kucheza. Usiwachanganye, kwa sababu majedwali huwaandika bega kwa bega na namba zao hupishana kwa makumi ya kilojuli.

Protoni tupu haiwekwi kwenye chupa. Ikiingia majini tu, inamezwa na kuachia nishati ya karibu kilojuli 1,100 kwa moli. Kwa hiyo huwezi kuimimina juu ya molekuli kisha ukasoma kipimajoto. Tunafanya kama muuza nyama mwenye mizani ya sahani mbili: hajui uzito wa nyama, lakini ana mawe ya uzito unaojulikana. Anaweka jiwe upande mmoja na nyama upande wa pili, anatazama sahani ipi imezama.

Na mawe yenyewe lazima yawe yamepigwa muhuri. Kwa molekuli chache joto la uundwaji wa M na la MH⁺ limepatikana kwa njia nyingine, hasa kwa kung'oa elektroni kwa mwanga wa nishati inayojulikana. Chukua isobutini: joto lake la uundwaji ni −16.9. La protoni ni 1530. La ioni ya butili-tatu ni 711 hivi. Jumlisha mawili ya kwanza, toa la tatu: unapata 802. Ngazi yote imetundikwa kwenye misumari michache ya namna hiyo. Edward Hunter na Sharon Lias waliipitia upya na kuichapisha mwaka 1998, na namba zao zipo bure kwenye tovuti ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Namba za mvuto utakazoona hapa karibu zote ni za huko.

Hatua ya 2: Chagua mizani

Zipo tatu. Ya kwanza ni ya kukadiria: unaipa MH⁺ besi mbalimbali moja moja na kutazama ipi inampora protoni na ipi inashindwa. Unajua iko kati ya hii na ile, basi. Nafuu, lakini ni ya macho tu.

Ya pili ni ya msawazo. Unaziacha besi mbili na ioni zao zigongane mpaka zitulie, kisha unapima uwiano. Paul Kebarle, Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, aliifanyia kazi kubwa njia hii. Ni ya kuaminika sana, ila ina mpaka. Kwenye kelvini 298, pengo la kilojuli 10 hutoa uwiano wa 56 kwa 1. Pengo la 20 hutoa karibu 3,200 kwa 1, na hapo ioni ya upande ulioshindwa inakuwa haba kiasi kwamba unapima kelele za mashine. Ndiyo maana wakongwe walipanda ngazi kidato kwa kidato. Tena inataka sampuli safi na shinikizo linalojulikana.

Ya tatu ni njia ya kinetiki, waliyoieleza Graham Cooks na Kruger mwaka 1977. Hii ndiyo tutakayoifanya, kwa kuwa inakwenda kwenye spektromita ya masi ya kawaida (mashine inayotenga ioni kwa masi zake na kuzihesabu), na uchafu kidogo kwenye sampuli hauiharibu.

Wazo lake: tengeneza ioni yenye molekuli mbili zilizoshikilia protoni moja katikati, A–H⁺–B. Mimi huiita ioni pacha. Ipashe moto mpaka ivunjike. Protoni itaondoka na A au na B. Hesabu mara ngapi imeondoka na nani. Kama A na B zinafanana kimaumbile,

ln([AH⁺]/[BH⁺]) ≈ (mvuto wa A − mvuto wa B) / RT

ln ni logi asilia, R ni namba ya kudumu ya gesi (kilojuli 0.008314 kwa moli kwa kelvini). T hapa si joto la chumba wala la mashine. Ni kigezo kinachobeba nishati iliyomo ndani ya pacha zinazovunjika, tukaiita halijoto fanisi. Itajitokeza yenyewe kwenye grafu.

Hatua ya 3: Chagua mawe ya mizani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, basi twende polepole. Tuseme tunapima isopropilamini, masi 59. Mawe yawe amini za msingi kama yenyewe, ili entropi ya kuvunjika upande huu na ule ikaribiane na kufutana. Yawe mengine juu na mengine chini ya thamani unayoitarajia. Nachukua haya:

- ethilamini, 912.0 (masi 45)
- n-butilamini, 921.5 (masi 73)
- sek-butilamini, 929.7 (masi 73)
- tert-butilamini, 934.1 (masi 73)

Angalia masi. Butilamini zote tatu zinatoa pacha moja ile ile ya m/z (masi kugawa kwa chaji) 133 (59 + 73 + 1). Ukizichanganya kwenye kichupa kimoja hutajua nani amevunjika. Kila jiwe na kichupa chake.

Hatua ya 4: Tengeneza pacha

Yeyusha isopropilamini na jiwe moja kwenye methanoli na maji nusu kwa nusu, kila moja karibu moli 10⁻⁴ kwa lita, na tone dogo la asidi ya fomiki. Ingiza kwa elektrosprei, yaani kuunyunyiza myeyusho kwa volti kubwa ili utoe ioni.

Jambo la usalama, na sisemi kwa kutimiza wajibu. Isopropilamini inachemka kwenye nyuzi 32 za Selsiasi. Dar es Salaam mwezi wa Februari hiyo ni joto la mezani. Ethilamini inachemka kwenye nyuzi 17, ndiyo sababu huuzwa ikiwa imeyeyushwa tayari. Zote zinawaka upesi na mvuke wake unachoma macho na kifua. Chupa ikae kwenye barafu kabla ya kufunguliwa, na ifunguliwe ndani ya kabati la kutolea hewa.

Volti za mlangoni mwa mashine ziwe ndogo. Pacha zimeshikana kwa uzi mwembamba kuliko kifungo cha kawaida. Wiki yangu ya kwanza kwenye maabara moja nilipoteza siku tatu nikitafuta pacha nisizipate, nikaandaa myeyusho upya mara nne. Myeyusho ulikuwa sawa tangu mwanzo. Volti ya mlangoni ilikuwa imeachwa juu na mtumiaji aliyetangulia, pacha zikawa zinavunjika kabla hazijaingia. Siku hizi hilo ndilo natazama kwanza.

Hatua ya 5: Tenga, gonga, soma

Kwadrupoli ya kwanza (chujio la ioni lenye fito nne) ipitishe m/z 133 peke yake (105 kwa kichupa cha ethilamini). Katika seli ya migongano weka argoni kidogo, shinikizo la chini, ili kila pacha igongwe mara moja hivi. Anza na nishati ndogo. Kwadrupoli ya mwisho isome vilele viwili: 60 kwa isopropilamini yenye protoni, na 74 kwa butilamini (46 kwa ethilamini). Soma mara tano au zaidi, chukua wastani. Usibadili nishati kati ya kichupa na kichupa.

Mashine nyingine hazisomi chini ya m/z 50. Kama yako ni hiyo, ethilamini haitakufaa.

Hatua ya 6: Chora grafu

Namba hizi nimezikokotoa mwenyewe kwa ajili ya mazoezi, hazikutoka maabara. Uwiano ni kilele cha isopropilamini kugawa kwa kilele cha jiwe.

Ethilamini: uwiano 17.1, ln ni 2.84
n-butilamini: 1.74, ln ni 0.55
sek-butilamini: 0.242, ln ni −1.42
tert-butilamini: 0.084, ln ni −2.48

Mhimili wa mlalo weka mvuto wa mawe, wa wima weka ln. Pitisha mstari. Mwinamo wake ni kama −0.241 kwa kila kilojuli. Geuza: 1/0.241 ni 4.15, hiyo ni RT. Gawa kwa 0.008314, unapata kelvini 499 au 500. Hiyo ndiyo halijoto fanisi, imejitokeza.

Mstari unapokata sifuri, sahani mbili ziko sawa. Kutoka 912.0 songa mbele 2.84/0.241, yaani 11.8. Jibu: 923.8. Chora kwa penseli kwenye karatasi ya miraba kabla ya kukimbilia kompyuta, mkono utakumbuka.

Hatua ya 7: Rudia kwa nishati nyingine

Ongeza nishati ya migongano, rudia vichupa vyote. Mwinamo utapungua, kwa kuwa pacha zenye moto zaidi hazichagui sana. Lakini mahali mstari unapokata sifuri pasihame. Pakihama kila unapoongeza nishati, entropi haikufutika na jibu lako la kwanza si sahihi. Usiliandike. Kwa hali hiyo kuna njia ndefu zaidi, tazama swali la tatu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Nimetazama jedwali la NIST, n-propilamini ni 917.8, inakaa vizuri kabisa kati ya ethilamini na n-butilamini. Kwa nini umeiruka? Mimi ningeanza nayo.*

Marahaba. Hesabu masi yake: C₃H₉N, 59. Sawasawa na isopropilamini. Pacha itakuwa 119, na ikivunjika, protoni ikienda huku unaona 60, ikienda kule unaona 60. Tena pacha za isopropilamini kwa isopropilamini nazo zina 119. Mizani yenye sahani mbili zilizogandana. Ungeweza kuokoka kwa kununua mojawapo iliyobadilishwa haidrojeni zake za kaboni kuwa deuteri, ila gharama yake hailingani na faida. Namshukuru aliyeuliza, maana kosa hili halionekani kwenye grafu: utapata namba, na itakuwa uongo.

*Chuo chetu hakina spektromita ya masi. Tunafanyaje?*

Pima kwa hesabu. Programu ya Psi4 ni ya bure, na ORCA ni bure kwa wanaoitumia kwa masomo. Tafuta umbo tulivu la M, kisha la MH⁺, pamoja na mitetemo yake. Protoni haina elektroni, basi nishati yake ya elektroni ni sifuri, unaiongezea joto la mwendo tu, 5/2 RT, kilojuli 6.2. Jumlisha M na protoni, toa MH⁺. Anza na amonia: ukikaribia 853.6 mbinu yako ni nzuri, endelea na nyingine. Ukipata mbali sana, angalia kama hukusahau nishati ya mitetemo ya sifuri. MH⁺ ina kifungo kimoja zaidi kinachotetemeka, na mtu akiisahau jibu linazidi kwa zaidi ya kilojuli 30.

Molekuli yenye naitrojeni mbili au oksijeni jirani, jaribu kuweka protoni kila mahali. Inayohesabika ni nafasi tulivu kuliko zote.

*Mwalimu, nataka kupima putresini, ile diamini ya vitu vilivyooza. Naweza kutumia n-butilamini kama jiwe?*

Hapana, kaka, kwa sababu mbili. Pengo ni kubwa mno. n-butilamini ni 921.5, putresini ni 1005.6, kwa hiyo protoni itaondoka na putresini karibu kila mara na kilele cha pili hutakiona. Ya pili ndiyo yenye utamu. Kwa nini mnyororo ule ule wa kaboni nne upande kwa kilojuli 84 kwa kuongezewa naitrojeni mwisho wa pili? Kwa sababu mnyororo unajikunja na naitrojeni ya pili inaishika protoni ile ile. Protoni inakuwa imekumbatiwa pande mbili. Mnyororo uliojikunja haupepei tena, entropi inashuka, na ile kanuni fupi ya hatua ya 2 inavunjika.

Tafuta mawe yenye mvuto wa karibu na 1000. Chora mstari kwa kila nishati ya migongano, mlalo ukitumia mvuto wa jiwe ukiondoa wastani wa mawe yote. Kila mstari utakupa mwinamo na mahali unapokata mhimili wa wima. Kisha chora grafu ya pili: hayo makato dhidi ya 1/RT. Mwinamo wa grafu hii ya pili ndio tofauti kati ya putresini na wastani wa mawe, na pale inapokata wima panakupa entropi. Kazi ya Catherine Fenselau na ya Chrys Wesdemiotis miaka ya 1990 ilitupa njia hii, na mwaka 2000 Peter Armentrout akaeleza kwa nini wastani uondolewe kwanza. Bila kuuondoa, makosa ya grafu ya kwanza yanahamia ya pili na kujionyesha kama uhakika.

*Hii ina kazi gani nje ya vitabu?*

Ina kazi kila siku. Mvuto wa maji ni 691. Naitrojeni ya hewani ni 494, na oksijeni iko chini zaidi. Kwa hiyo ukipuliza ioni za H₃O⁺ ndani ya hewa, hewa yenyewe haichukui protoni. Asetoni (812), methanoli (754) na harufu nyingi za mimea zinaichukua. Werner Lindinger na kundi lake la Innsbruck, Austria, walijenga kifaa juu ya jambo hilo moja miaka ya 1990, na leo kinapima harufu ya kahawa, pumzi za wagonjwa na hewa ya misitu bila kutayarisha sampuli. Aliyekijenga ilibidi ajue namba 691 kabla ya kukata bomba la kwanza.

Anayetumia gesi ya kuionisha kwa kemia, yaani gesi inayodaka protoni kwanza kisha kuipa sampuli, naye anachagua kwa namba hizi. Methani (543.5) inatoa protoni kwa karibu kila kitu na kuvunjavunja molekuli. Amonia inawapa wachache tu, kwa upole.

*Heliamu nayo inadaka protoni? Nilidhani haishikani na chochote.*

Inadaka, kwa 177.8, kidogo kuliko karibu chochote. HeH⁺ iliundwa maabara mwaka 1925, na mwaka 2019 ikatangazwa kuonekana angani, kwenye nebula ya NGC 7027, kwa darubini iliyokuwa ndani ya ndege ya SOFIA. Molekuli yoyote ikiipitia karibu inamnyang'anya protoni, ndiyo maana ilitafutwa kwa muda mrefu hivyo.

*Nimefuata hatua zote. Pointi tatu zimelala kwenye mstari, ya tert-butilamini imekaa juu ya mstari, na nikiongeza nishati inapanda zaidi. Nimerudia mara nne.*

Pole dada, umefanya kazi nzuri, na kurudia hakutasaidia. Angalia kama kuna kilele kwenye m/z 57. tert-Butilamini yenye protoni ni dhaifu ndani yake: ikigongwa sana inatupa amonia (17) na kubaki ioni ya butili-tatu, ile ile ya isobutini tuliyoikuta kwenye hatua ya 1. Protoni iliondoka na tert-butilamini kwa haki, lakini ushahidi wake umehama kutoka 74 kwenda 57, na wewe umehesabu 74 peke yake, hivyo jiwe likaonekana jepesi kuliko lilivyo. Jumlisha 57 na 74. Tazama pia 43, isopropilamini nayo inaweza kufanya hivyo hivyo, na ikiwepo iongeze kwenye 60. Kisha shusha nishati mpaka vilele hivyo vya pembeni vipotee kabisa, soma tena vichupa vyote vinne kwa nishati hiyo, ulinganishe mistari miwili. Nitumie namba mbichi, vilele vyote, siyo uwiano.